Damu Iliyofichika Tumboni: Safari ya Ultrasaundi hadi Mwambao wa Uvira

Barabara ya taifa namba 5 inatoka Bukavu, inateremka kwa kona za Ngomo hadi Kamanyola, kisha inakata uwanda wa Ruzizi kupitia Luvungi, Sange na Kiliba mpaka Uvira. Kuanzia hapo haina tena pa kujitanua. Kulia ni milima ya Mitumba, kushoto Ziwa Tanganyika, na kwenye ukanda mwembamba uliobaki kila kitu kinapita njia moja: malori ya mizigo, mabasi madogo, pikipiki zenye abiria wawili na gunia la muhogo, wanafunzi, mbuzi, akina mama waliojitwisha ndagala. Ni barabara hiyohiyo ambako, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, likawaka moto na kuua watu zaidi ya 200. Msiba ule dunia nzima iliuandika. Wanaoumia siku za kawaida hawaandikwi: kijana aliyegonga tumbo kwenye usukani wa pikipiki, mkwezi aliyeteleza kutoka kwenye mchikichi, mtoto aliyeangukiwa na ukuta wa udongo baada ya mvua, mwanamke aliyepigwa teke na mtu wa nyumbani mwake.

Wengi wao hufika hospitali bila tone la damu nje ya ngozi. Wanazungumza, wanaomba maji, wengine hata wanatembea. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na kijana mwenye moyo imara anaweza kupoteza lita moja na zaidi kabla presha yake haijashuka. Mishipa yake inajikaza, moyo unakimbia, na kwa muda anaonekana mzima. Ikishaanza kushuka, mara nyingi inashuka kwa kasi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa aliyepigwa tumboni ni hili: je, ndani kuna damu? Historia ya swali hilo ni ndefu, na mimi huisoma kwanza kama historia ya watu walioruhusiwa kulijibu, kisha ndipo kama historia ya mashine.

Kwa karne nyingi daktari hakuwa na kingine ila mikono yake. Alibonyeza tumbo akisikiliza maumivu, aligongagonga kwa vidole, alihesabu mapigo ya moyo, alitazama weupe wa kope. Njia hizo hazijapitwa na wakati, ila zina udhaifu mkubwa. Damu mbichi haichomi utando wa tumbo kama uchafu wa utumbo unavyochoma, kwa hiyo tumbo lenye damu nyingi linaweza kubaki laini. Mlevi hajui panapomuuma. Aliyepigwa kichwani hajibu. Mtoto analia kwa kila kitu.

Mwambao huu, zaidi ya hayo, una sababu yake ya kuliogopa swali hilo, nayo ni malaria. Bandama ya mtu asiye na ugonjwa imejificha chini ya mbavu za kushoto, na uzito wake kwa kawaida haufiki robo kilo. Malaria ya kujirudiarudia huikuza mpaka ikatokeza chini ya mbavu, mahali ambapo hakuna mfupa wa kuikinga. Kichocho cha tumbo, ambacho kinajulikana sana kwenye fukwe za maziwa yetu, nacho kinaweza kuikuza hivyohivyo kwa kuharibu ini. Bandama ya namna hiyo hupasuka kwa pigo ambalo mtu mwingine angelisahau kesho yake. Madaktari wa zamani walilijua hilo vizuri, na si wote waliolitumia kwa haki. Mwaka 1876 huko Agra, India, wakili Mwingereza aitwaye Fuller alimpiga mtumishi wake wa farasi. Mtumishi akafa kwa kupasuka bandama, na hakimu akamtoza Fuller faini ya rupia 30. Kesi za aina hiyo zilijirudia katika koloni lile, na mara nyingi ukubwa wa bandama ulizungumzwa mahakamani kuliko uzito wa teke. Naikumbusha kesi hiyo kwa sababu ugonjwa wa maskini umewahi kutumiwa kupunguza thamani ya kifo chake, na kwa sababu daktari wa Uvira leo anapokea miili iliyo katika hatari ileile.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wapasuaji walianza kuchoma sindano tumboni na kuvuta. Damu ikitoka, walipasua. Isipotoka, hawakujua lolote, maana ncha ya sindano ingeweza kukosea dimbwi kwa sentimita mbili tu. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1965, pale mpasuaji wa Marekani David Root na wenzake walipoeleza njia ya kuosha tumbo: unachana kidogo chini ya kitovu, unaingiza mrija, unamimina lita moja ya maji ya chumvi, kisha unayaacha yatoke na kuyatazama rangi. Njia hiyo ilitawala vyumba vya majeruhi kwa zaidi ya miaka 20. Ilikuwa inaona mno, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Damu kidogo kutoka kwenye mchubuko ambao ungepona wenyewe ilitosha kuyapaka maji rangi nyekundu, na mgonjwa akapelekwa kupasuliwa bure. Tena ilikuwa ni jeraha juu ya majeruhi, na haikufaa kurudiwa kila baada ya saa chache.

Jibu lingine lilikuwa linakuja kwa njia ya maji.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikathibitika kwamba na kinyume chake ni kweli: ukizipa umeme zinatetemeka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanafizikia Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, alichukua fuwele za kwatzi akazitetemesha chini ya maji kwa kasi isiyosikika na sikio la binadamu, akasubiri mwangwi. Alikuwa anatafuta nyambizi za Wajerumani. Miaka hiyohiyo vita ilikuwa imefika hata kwenye ziwa letu. Mwishoni mwa Desemba 1915 boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Na mwishoni mwa Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma ili isitekwe. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wenye kuishi kando ya ziwa hawahitaji kuambiwa Liemba ni nini, na meli hiyo itarudi katika simulizi hii.

Vita ilipokwisha, mwangwi ulibaki na kazi za amani: kupima kina cha bahari, kutafuta makundi ya samaki. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa wanasayansi wa Ubelgiji ulizunguka Tanganyika, na mmoja wao, André Capart, akachapisha mwaka 1949 ramani ya sakafu ya ziwa iliyotokana na vipimo vya mwangwi. Penye kina kikubwa, karibu mita 1,470, sauti hushuka na kurudi kwa takriban sekunde 2. Ndani ya mwili wa binadamu sauti husafiri mita 1,540 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi kutoka sentimita 15 chini ya ngozi unarudi kwa muda wa sehemu moja ya elfu tano ya sekunde. Kanuni ni ileile ziwani na tumboni. Tofauti ni kasi ya kuhesabu, na hiyo ilibidi isubiri vifaa vya umeme vya katikati ya karne.

Aliyeivusha kanuni hiyo kutoka kwenye chuma hadi kwenye tumbo alikuwa Ian Donald, profesa wa ukunga mjini Glasgow, aliyewahi kutumika katika jeshi la anga la Uingereza na kuzoea rada. Viwanda vya boila vilikuwa na chombo cha mwangwi cha kutafutia nyufa kwenye chuma. Tarehe 21 Julai 1955 Donald alipakia katika magari mawili uvimbe uliotolewa kwa wanawake aliowapasua, akaupeleka kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, na kujaribu chombo hicho juu yake. Uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama vilitoa mwangwi tofauti kabisa. Pamoja na daktari John MacVicar na fundi kijana Tom Brown aliendelea kuboresha chombo, na tarehe 7 Juni 1958 watatu hao wakachapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika, tumbo limemjaa. Mwangwi ulionyesha kwamba ule ulikuwa mfuko mkubwa wa maji uliotoka kwenye ovari. Ulitolewa, akapona.

Kwa nini maji na damu huonekana wazi hivyo? Sauti hurudi inapokutana na mpaka kati ya vitu viwili vya uzito tofauti. Ndani ya ini kuna mipaka midogo isiyohesabika, ndiyo maana ini linaonekana kijivu chenye chembechembe. Damu iliyomwagika karibuni ni kimiminika kinacholingana kila mahali. Sauti inapita bila kurudishwa, na kwenye kioo panabaki weusi. Mtu ambaye hajasomea elimu ya picha anaweza kuutambua mstari mweusi kati ya ini na figo. Hilo ndilo lililokuja kuzua mabishano juu ya nani aruhusiwe kuishika mashine.

Mwaka 1970 Barry Goldberg na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba ultrasaundi, yaani kipimo hicho cha mwangwi, inaweza kugundua maji tumboni hata yakiwa mililita 100 tu, katika mazingira mazuri. Mwaka uliofuata Kristensen na wenzake huko Denmark walieleza jinsi ya kuitambua bandama iliyovia damu. Ujerumani ikaenda mbali zaidi: wapasuaji wake wenyewe wakaishika mashine, na mwaka 1988 ustadi huo ukawa sehemu ya lazima ya mafunzo yao. Kwingineko mashine ilibaki katika chumba cha idara ya picha, chini ya mtaalamu wa picha, na majeruhi alilazimika kusukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kumfuata. Saa za usiku mtaalamu hakuwepo.

Kisha Armenia ikatikisika. Tarehe 7 Desemba 1988 tetemeko liliangusha miji ya kaskazini ya nchi hiyo na kuua watu makumi ya maelfu. Hospitali moja kubwa ilipokea majeruhi 750 katika saa 72. Haikuwezekana kuosha matumbo ya watu 750, wala kuwapasua kwa kubahatisha. Madaktari waliwapima 400 kati yao kwa ultrasaundi, vipimo 530 kwa jumla, wastani wa dakika 4 kwa mgonjwa. Walikuta madhara ya majeraha kwa takriban 13 kati ya kila 100, na waliokosewa kwa kuambiwa hawana kitu walikuwa kama 1 kati ya 100. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1991. Kila ninapofikiri juu ya katikati ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, ukabomoa maelfu ya nyumba na kulaza watu chini ya udongo na mawe, hesabu zile za Armenia hunirudia. Zilipatikana kwa madaktari waliosimama na mashine mahali pale pale majeruhi walipolazwa.

Nchini Marekani, Grace Rozycki, mpasuaji wa majeruhi, alichapisha mwaka 1993 ushahidi kwamba wapasuaji waliofundishwa vizuri wanaweza kufanya kipimo hiki wenyewe. Huko Japani, Kimura na Otsuka walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1991 kwamba kinafanyika kitandani katika chumba cha dharura. Katikati ya miaka ya 1990 kipimo kikapata jina lake la herufi nne, FAST, linalotamkwa duniani kote hata na wasiojua Kiingereza. Hakiulizi ni kiungo gani kimepasuka, wala kimepasuka kiasi gani. Kinauliza kama kuna kimiminika mahali kisipopaswa kuwepo, basi.

Mahali penyewe ni panne. Pa kwanza ni kati ya ini na figo la kulia, kwenye kishimo kilichopewa jina la mpasuaji Mwingereza James Rutherford Morison aliyekieleza mwishoni mwa karne ya 19. Mgonjwa akilala chali, damu nyingi ya tumbo la juu hutiririkia hapo, hata ile inayotoka upande wa pili. Pa pili ni kuizunguka bandama. Hapo wanafunzi hukosea kwa kutazama tu kati ya bandama na figo, ilhali damu ya upande ule hupenda kujikusanya juu, chini ya kiwambo. Pa tatu ni nyuma ya kibofu, na kwa mwanamke nyuma ya mji wa mimba. Kibofu kikiwa kimejaa picha huwa safi, kwa hiyo ni vema kupima kabla ya kuweka mrija wa mkojo. Pa nne ni mfuko wa moyo. Baadaye, mwaka 2004, Andrew Kirkpatrick na wenzake wa Kanada walichapisha kazi iliyosaidia kuongeza mapafu, ili kutafuta hewa iliyonaswa kifuani. Mzunguko wote, kwa mkono uliozoea, hauzidi dakika 5.

Wakati dunia inakubaliana juu ya herufi hizo nne, mwambao wa Tanganyika ulikuwa unaungua. Juu ya uwanda wa Ruzizi, katika milima ya eneo la Uvira, ipo Lemera, ambako wamisionari Wapentekoste wa Sweden walikuwa wamejenga hospitali. Huko ndiko Denis Mukwege alikoanza kazi mwaka 1983, na huko alirudi baada ya kusomea magonjwa ya wanawake Ufaransa. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wauguzi pamoja nao. Mukwege alinusurika, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Uvira yenyewe iliangukia mikononi mwa waasi tarehe 24 Oktoba 1996. Watu wakapanda mitumbwi na maboti wakavuka kwenda Kigoma. Mwaka 1997, Liemba, ile meli iliyozamishwa mwaka 1916, ilikodiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikafanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira ikiwarudisha watu zaidi ya 75,000. Mwaka uliofuata vita ya pili ya Kongo ikaanza, na watu wakavuka tena kuelekea mashariki.

Wengi wao waliishia Lugufu, kambi ya Wakongo katika mkoa wa Kigoma, iliyokuwa imejaa watu wa Fizi, Uvira na sehemu nyingine za Kivu Kusini. Na hapo, mahali ambapo hapakuwa na idara ya picha wala mtaalamu wake, ndipo watu wa mwambao huu walipopata nafasi yao katika historia hii. Katikati ya miaka ya 2000 daktari wa dharura Mmarekani David Adler na wenzake, pamoja na wahudumu wa afya wa Tanzania, walipeleka Lugufu mashine ya ultrasaundi ya kubebwa mkononi na kuwafundisha wahudumu wa kambi kuitumia. Mafunzo yalikuwa ya siku chache tu. Katika miaka miwili iliyofuata wahudumu hao walifanya vipimo 547 kwa wagonjwa 460, na ripoti ikachapishwa mwaka 2008. Sehemu kubwa ilihusu mimba na viungo vya uzazi, kama ilivyotarajiwa penye wanawake wengi wenye umri wa kuzaa. Lakini sonda, kile kipande cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, ilikuwa imekwisha kutoka kwenye mikono ya wachache. Mtu anayeweza kukiona kibofu kilichojaa chini ya tumbo la mjamzito yuko hatua moja tu kutoka kuiona damu iliyo nyuma yake. Na mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba ikipasuka, picha ni ileile na hatari ni ileile.

Jirani, mwaka huohuo wa 2008, Sachita Shah na wenzake waliwafundisha madaktari wa hospitali mbili za vijijini nchini Rwanda, Rwinkwavu na Kirehe, kwa wiki 9. Walipofuatilia vipimo 345 walikuta kwamba katika asilimia 43 matibabu yaliyokuwa yamepangwa yalibadilika. Uganda, katika hospitali ya Nyakibale wilayani Rukungiri, wauguzi waliofundishwa huduma ya dharura walifanya vipimo wenyewe, na picha zao zikatazamwa baadaye na wataalamu walio mbali ili kuwasahihisha. Nayachukulia matukio hayo matatu kuwa mazito kuliko uvumbuzi wa mashine yenyewe. Langevin, Donald na Rozycki walitupa chombo na ushahidi. Lugufu, Rwinkwavu na Nyakibale zilionyesha kwamba mwenye kukishika anaweza kuwa mtu anayelala jirani na wodi.

Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Mashine nazo zikazidi kupungua ukubwa. Siku hizi zipo sonda zinazochomekwa kwenye simu, za bei isiyofika hata kidogo ile ya mashine kubwa za zamani, na kinachozikwamisha mara nyingi ni mambo madogo: chaji, simu isiyokubali programu, jeli iliyokwisha. Katika hospitali nyingi za Kivu ekografia, kama watu wa huku wanavyoiita, imezoeleka kwa wajawazito. Mjamzito wa Uvira anajua kupakwa jeli baridi tumboni. Majeruhi wa pikipiki bado mara nyingi anaambiwa asubiri mwenye mashine aje asubuhi.

Lazima niseme pia kipimo hiki hakioni nini, maana imani iliyopita kiasi inaua. Mwaka 1995 Branney na wenzake walimimina maji kidogo kidogo katika matumbo ya wagonjwa waliokuwa wanaoshwa tumbo, huku wapimaji wakitazama kishimo cha Morison bila kujua kiasi kilichoingia. Kwa wastani waliona maji yalipofika mililita 619, na mpimaji 1 tu kati ya 10 aliyaona chini ya mililita 400. Kwa hiyo aliyegongwa nusu saa iliyopita anaweza kuwa na tumbo safi kwenye kioo na bandama inayovuja. Utumbo uliotoboka hauonekani kwa urahisi. Damu iliyo nyuma ya tumbo, kando ya uti wa mgongo na nyonga, haionekani. Kwa watoto kipimo hukosa mara nyingi zaidi. Na weusi unaweza usiwe damu: mgonjwa wa ini aliyekuwa na maji tumboni kabla ya ajali atatoa picha ileile, na kwenye mwambao wa kichocho hilo si jambo la kufikirika tu. Hapo sindano ya zamani inarudi kazini: vuta kidogo, uone rangi.

Mkuu wa maamuzi anabaki kuwa hali ya mgonjwa. Presha imeanguka na weusi upo: ni chumba cha upasuaji, bila kusubiri picha nyingine. Weusi upo lakini presha imetulia: hapo subira ina ushahidi wake. Mwaka 1952 King na Shumacker walieleza watoto wachanga waliotolewa bandama kisha wakashambuliwa na maambukizo makali, na mwaka 1968 Upadhyaya na Simpson wa Toronto walionyesha kwamba bandama za watoto nyingi hujiponya zikiachwa. Katika nchi ya malaria, ambako bandama ni askari wa mstari wa mbele, sababu ya kuihifadhi ni kubwa zaidi. Ila subira hiyo inataka mtu wa kurudia kipimo kila baada ya saa chache usiku kucha, wa kuhesabu mapigo, na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Sonda ikiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliyelala mtaani Kavimvira, hiyo si subira, ni kumtelekeza mgonjwa.

Na damu ya kuongezewa itoke wapi? Bukavu iko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ile ya kona. Bujumbura iko karibu zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, lakini mpaka hufungwa usiku, na zipo nyakati ambapo hufungwa kwa sababu ambazo mgonjwa hana habari nazo. Wapasuaji wa Afrika wamejifunza kuirudisha damu ya mgonjwa mwenyewe: inachotwa tumboni, inachujwa kwa tabaka za shashi safi, inachanganywa na dawa ya kuizuia isigande, inarudishwa kwenye mshipa. Imewaokoa wengi, hasa wanawake ambao mimba za nje ya mji wa mimba zilipasuka. Haifai utumbo ukiwa umetoboka, kwa sababu ya uchafu. Kujua mapema, kwa dakika 5 za sonda, kwamba damu ipo na ni nyingi kunampa mpasuaji nafasi ya kuandaa vyombo hivyo na kuwaita ndugu wa kutoa damu kabla kisu hakijagusa ngozi.

Madaktari wa dharura wa Marekani wanapendekeza mtu afanye vipimo 25 hadi 50 chini ya usimamizi kabla ya kuaminiwa peke yake. Hospitali ya mwambao yenye majeruhi wachache kwa wiki ingeweza kudhani kwamba hesabu hiyo haifikiki. Inafikika. Jicho la kuona maji tumboni halihitaji ajali ili lifundishwe. Kwingineko wanafunzi hujifunzia kwa wagonjwa wenye maji tumboni kwa ugonjwa wa ini au figo. Wodi za Uvira, Baraka na Fizi zinawajua wagonjwa hao, na wengi wangekubali, wakiombwa kwa heshima, kupakwa jeli dakika chache ili muuguzi wa zamu ya usiku ajifunze. Aanze na kibofu cha mjamzito, apande kwenye figo na ini la mtu mzima, aende kwa mwenye maji tumboni, mwalimu akiwa pembeni au akizitazama picha kutoka Bukavu. Jina lake liandikwe kwenye orodha ya zamu pamoja na majina ya madaktari, na ufunguo wa kabati abaki nao yeye.